Siku Kumi na Tano za Kumtoa Yun-an Ndani

Jumamosi, 13 Julai

Yun-an amefika. Treni ilikuwa ya saa nane, mimi nilikuwa kituoni tangu saa sita na nusu, nimevaa shati nililovaa kwenye harusi ya mama yake. Mjukuu wangu wa pekee, miaka minane, sijamwona tangu mwaka mpya wetu wa Februari. Nikapunga mikono yote miwili kama askari wa trafiki. Akaniamkia vizuri tu, adabu anayo, ila macho yalikuwa kwenye kishikwambi. Akapanda ngazi zote za kituo hivyo hivyo bila kujikwaa. Kipaji, kwa kweli.

I-chun, binti yangu, alikunywa chai yake wima akarudi Hsinchu na treni iliyofuata. Kiwanda chao hakitoi likizo, kinatoa pumzi. Mlangoni akanivuta pembeni. Kuna kambi ya Kiingereza likizo ijayo, ya Januari, darasa zima linaenda. Nafasi hujaa mapema, lazima ajaze fomu kufikia tarehe 10 Agosti. Amemwachia Yun-an achague mwenyewe: kambi au kwetu Tainan. Akaniomba nisimlazimishe mtoto. Mimi! Nimewahi kumlazimisha nani?

Kwa hiyo hesabu ni hii. Siku kumi na tano za kumfanya mtoto apapende hapa. Na hawezi kupapenda mahali ambapo hajapaona, na hawezi kupaona akiwa ameinamia kioo. Lazima atoke nje, akimbie, aanguke, achubuke goti. Nimemkosa huyu mtoto miezi mitano mizima. Sasa yuko chumba cha pili na bado namkosa.

Jioni wimbo wa gari la taka, ule wa kutuita, ulisikika saa moja kasorobo na kichochoro kizima kikashuka na mifuko. Nilidhani atashuka nami. Alichungulia dirishani, akarudi kitandani.

Mke wangu Suilien anasema nimwache mtoto apumzike. Suilien ni mwanamke mwema lakini hana mikakati.

Jumatatu, 15 Julai

Pia. Jibu ni pia!

Nikiwa na umri wake nilikuwa bingwa wa pia kuanzia kichochoro chetu mpaka hekaluni. Nimeitafuta ile yangu ya mti wa mlonge… hapana, naona nimeandika uongo, ilikuwa ya mti wa mpera, mlonge ilikuwa ya kaka yangu. Nikaipata chini ya sanduku la waya. Nikamwita Yun-an uani, nikaizungushia kamba, nikamweleza kwamba siri yote iko kwenye kifundo cha mkono.

Siri yote iko kwenye kifundo cha mkono, na kifundo changu kina miaka sitini na nane. Pia ilivuka kichochoro, ikapita juu ya ukuta wa Mzee Lai, ikavunja chungu cha okidi yake iliyopata zawadi ya pili kwenye maonyesho. Mzee Lai ni dereva wa basi mstaafu, tumekaa tukitazamana milango miaka arobaini, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akilia. Leo nimemsikia.

Akanirudishia pia yangu kwa vidole viwili. Akasema, "Fundi Ko, wewe tengeneza redio. Michezo waachie watoto."

Nikamwambia ndivyo ninavyojaribu kufanya.

Yun-an alirekodi kila kitu kwa kishikwambi. Ametazama mara tisa. Mara ya kumi alimwonyesha bibi yake, na Suilien alicheka mpaka akashika meza. Wajukuu wawili wa Lai nao wameshaiona, sijui kwa njia gani.

Jumanne, 16 Julai

Nimeamka na wazo safi. Adui haingii nyumbani kwa mlango, anaingia kwa waifai. Mimi ni fundi. Baada ya kifungua kinywa nimekifungua kile kisanduku cheupe na kuchomoa kijiwaya kimoja tu, chembamba, hata wa kiwandani asingekiona.

Saa tatu na nusu Suilien alipiga kelele. Tamthilia yake ilikuwa imekatikia pale mama mkwe anapofungua barua. Nikamwambia tatizo ni la mtaa mzima. Akachungulia kwa jirani. Tatizo halikuwa la mtaa mzima.

Yun-an hakulia wala hakulalamika. Alichukua kigoda, akatoka nje. Nje! Moyo wangu uliruka. Nikajificha nyuma ya pazia la duka langu la ufundi nimwone atakachofanya. Akavuka kichochoro, akaweka kigoda chini ya dirisha la Mzee Lai, akaketi, akawasha kishikwambi. Wajukuu wa Lai walikuwa wamempa namba ya siri ya waifai yao tangu jana.

Amekaa hapo saa mbili na robo. Ukiangalia kwa haki, alikuwa nje. Alipigwa na upepo, aliumwa na mbu mara sita, hiyo ni afya. Nimeandika kwenye kalenda: nje, saa 2 na robo.

Ila Mzee Lai alitoka akampa pera lenye unga wa ukwaju, kisha akanitazama dirishani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba watoto wanajua penye nyumba. Nimerudisha kijiwaya. Suilien amenuna, na chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 18 Julai

Kimbunga. Kazi zimefungwa, shule za ziada zimefungwa, gari la taka halikuja. Mchana umekuwa giza kama tumefunikwa sufuria. Saa tisa umeme ukakatika, na saa kumi kasoro dakika chache kishikwambi kikafa kwa kukosa chaji. Sikukigusa. Naapa sikukigusa.

Yun-an alikitikisa. Kisha akainua kichwa akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniona vizuri. Ana macho ya mama yake alipokuwa mdogo, lile la kushoto limeshuka kidogo. Nilisahau yote niliyokuwa nimepanga kusema.

Nikamsimulia kichochoro. Kwamba zamani jioni usingeweza kupita hapa na baiskeli kwa wingi wa watoto. Kwamba mama yake alikuwa anaruka kamba pale penye pikipiki ya Lai, na alikuwa haingii ndani mpaka aitwe mara nne, na mara ya nne ilikuwa fimbo. Kwamba mimi nilikuwa nafanya kazi dukani mlango wazi, nasikia kelele zao siku nzima, nakereka, nawafokea. Nilitamani wanyamaze.

Akauliza walikwenda wapi.

Nikasema walikua. Akasema lakini watoto wengine huzaliwa. Nikasema ni kweli, huzaliwa. Tukasikiliza mabati ya Lai yakipigapiga. Suilien akaleta supu ya choroko, ile tamu ya kunywa baridi, ila bila barafu kwa sababu friji ilikuwa imezima, na tukainywa gizani mpaka umeme uliporudi.

Jumamosi, 20 Julai

Jana gari la taka halikuja tena. Leo limekuja, wimbo umesikika mbali, likajaa huko huko barabara ya hekalu na kurudi. Lina taka za siku tatu za mji mzima. Hatukufikiwa. Mwenyekiti wa mtaa, Bi Kuo, ameandika kwenye kundi letu la simu kwamba tuvumilie mpaka Jumatatu. Kesho Jumapili hakuna gari, kama ilivyo kila Jumatano na Jumapili.

Sisi taka hatuweki barazani. Unakaa nazo ndani mpaka uzikabidhi mkononi. Kwa hiyo nyumba kumi na nne zimekaa na mabaki tangu Jumanne, na ni Julai. Kwangu kuna vichwa vya samaki. Kwa Lai kuna kitu ambacho sitaki kukijua.

Lakini nilipokuwa nimesimama mlangoni na mfuko wangu, nikisikiliza ule wimbo ukififia, niliona jambo. Kila mlango ulikuwa wazi. Wote walikuwa nje, wazee, akina mama, watoto wenye maboksi ya chupa. Hakuna kitu kingine duniani kinachowatoa watu wa kichochoro hiki ndani. Si kengele ya hekalu, si harusi, si moto. Ni ule wimbo tu.

Na mimi ule wimbo ninao. Miaka ile nilipokuwa natengeneza spika za magari ya taka, kibao kimoja cha elektroniki chenye wimbo kilibaki kwenye droo. Bado kinaimba, nimekijaribu kwa betri, kidogo tu, nikiwa nimekifunika kwa mto.

Sitaandika zaidi.

Jumapili, 21 Julai

Nimefanya.

Saa kumi jioni, maana Jumapili hata watoto wa shule za ziada wako nyumbani. Spika niliyotumia ni ya hekalu, ya maandamano ya mungu wao, ililetwa wiki iliyopita sauti ikiwa inakwaruza. Inanifika kifuani. Nikateremsha shata ya duka, ule mlango wa bati, mpaka chini, nikaunga kibao, nikafungua sauti robo tu.

Robo ya spika ya mungu si robo ya spika ya mtu.

Hawakukumbuka kwamba ni Jumapili. Hakuna aliyekumbuka! Miguu ilisikia kabla ya kichwa. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la shata. Mzee Lai alitoka na povu la shampuu, taulo kiunoni, mifuko minne. Bi Kuo, mwenyekiti, alitoka na dawa ya nywele kichwani na karatasi za kung'aa, akiwatangazia wote kwamba bila shaka wametuletea gari la ziada la kufidia kimbunga, na kwamba yeye ndiye aliyewapigia simu. Wakampigia makofi. Watoto wakaja na maboksi. Nimehesabu watoto kumi na mmoja. Sikujua tuna watoto kumi na mmoja.

Na Yun-an alishuka! Mikono miwili kwenye ndoo ya mabaki. Kishikwambi hakuwa nacho kwa sababu mkono wa tatu hana.

Walingoja. Na watoto wakingojeshwa hawawezi kusimama tu. Mmoja akapiga chupa teke. Mwingine akairudisha. Wakaweka maboksi mawili yakawa goli. Wakapiga kelele, wale watu wazima wakaanza kupiga soga, mtu akagawa matikiti ili asiyatupe. Ilikuwa vile vile. Ilikuwa vile vile kabisa, ila mimi sasa nilikuwa nyuma ya shata, sikereki, natamani wasinyamaze kamwe.

Dakika kumi na moja. Kisha mtu akauliza gari liko wapi, mbona wimbo hausogei. Wakaanza kuufuata kwa masikio. Bi Kuo ndiye aliyeinua shata. Akanikuta nimeketi karibu na spika ya hekalu.

Nikamwambia nilikuwa najaribu spika.

"Sasa machozi ya nini, Fundi Ko?"

Nikasema ni harufu. Hilo halikusaidia.

Lai alinisemesha maneno ambayo sikujua dereva wa basi anayajua, povu likimwingia machoni. Watu wa nyumba kumi na nne wakarudi ndani na taka za siku tano. Yun-an alikuwa ameketi chini katikati ya kichochoro, kacheka mpaka kashindwa kusimama. Mjukuu wangu mwenyewe amenicheka. Fedheha iliyoje.

Jumatatu, 22 Julai

Hukumu imetoka kwenye kundi la simu, na picha ya mkono unaoelekeza. Mpaka Jumamosi, taka za nyumba zote kumi na nne nitazitoa mimi. Wenyewe watabaki ndani na viyoyozi vyao. Suilien alikuwa wa kwanza kuandika kwamba ni haki.

Yun-an akauliza kama anaweza kusaidia. Nikakataa. Kosa ni la babu, adhabu ni ya babu. Siku zangu zilizobaki ni sita na sitaki azikumbuke kwa harufu. Suilien akasema, "Mzee, una mikono mingapi?" Basi akaja.

Tukachukua toroli langu la kubebea spika. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ngazi juu, ngazi chini. Mfuko wa hapa, ndoo ya pale, chupa mbali, karatasi mbali, mabaki mabichi mbali, yaliyopikwa ya kulishia nguruwe mbali. Lai alinikabidhi maganda ya matikiti manne, akitabasamu. Wimbo ulipofika tulikuwa nyumba ya tisa. Gari likapita. Yun-an akaniambia nivute, akashika nyuma akasukuma, tukalikimbiza mpaka barabara ya hekalu. Kandambili ya mguu wa kulia ilimvuka, akaiokota akiwa anakimbia, akalifikia gari peke yake na kulipigapiga ubavuni kwa ile kandambili mpaka wakasimama. Mimi nilifika baadaye sana.

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, nywele zimegandamana, goti limechubuka. Akauliza kama kesho tena. Nikamwambia kwa huzuni kwamba ndiyo, adhabu haiishi upesi. Maskini mtoto. Nikavuta toroli njia nzima kwa aibu.

Alhamisi, 25 Julai

Nimetengeneza tiara. Siku tatu, mianzi ya kuchonga kwa mkono, karatasi nyekundu, mkia wa riboni za zawadi. Hii ndiyo itakayomfanya achague Tainan. Pia ilikuwa papara, spika ilikuwa wazimu, nakubali, lakini tiara ni kitu cha heshima.

Tukapanda nayo paani saa kumi na moja. Ikaruka mara ya kwanza tu! Nikampa kamba, nikasimama nyuma yake, nikiona mabega yake madogo yakivutwa na upepo. Nilifikiri: hapa, sasa, ashike hivi hivi, likizo isiishe. Baada ya kama dakika nne akauliza saa ngapi. Nikamwambia bado mapema. Akasema inabidi apange nyumba. Akanirudishia kamba na kushuka mbio.

Kumbe amechora ramani ya kichochoro kwa chaki kwenye sakafu ya duka langu. Nani yuko ghorofa ya tatu, nani hufunga mfuko vibaya, wapi pa kuanzia ili wimbo ukifika tuwe tumemaliza. Jumanne tulifika nyumba ya kumi na mbili. Leo alitaka zote kumi na nne.

Nilipofika chini nikawakuta wajukuu wawili wa Lai nao wamo. Na wale wa nyumba ya kona. Wamejigawa makundi, wanapokezana mifuko kwenye ngazi. Makelele! Nikawafukuza. Nikawaambia adhabu si mchezo, waende zao wakacheze. Wakaondoka wakiburuza miguu, na Yun-an akanikasirikia mpaka gari lilipofika. Tulimaliza nyumba kumi na tatu. Akasema tungemaliza zote, nikamwambia sidhani.

Tiara imenasa kwenye waya wa umeme wa Lai. Siku tatu za kazi, na mtoto kaniacha kwa ajili ya takataka. Nakiri imeniuma. Ninapanga nini cha kufanya na Ijumaa.

Jumamosi, 27 Julai

Siku ya mwisho ya adhabu na ya mwisho ya Yun-an. Nyumba zote kumi na nne, zikiwa zimebaki dakika mbili. Wajukuu wa Lai walisaidia tena kwa siri, niliwaona, nikajifanya sikuwaona kwa sababu mgongo umekataa. Tulingoja barabarani na toroli letu limejaa, Yun-an amesimama mbele kifua nje kama afisa mdogo wa forodha. Wale wafanyakazi wa gari wakampigia saluti. Aliipokea.

Nimeshtuka jioni. Nimekikuta kishikwambi chini ya gunia la mchele, kimezimika kabisa, hakiwaki. I-chun atasema nimekiharibu kwa makusudi, na itakuwa kambi ya Kiingereza mpaka mtoto aolewe. Nikakifungua mezani. Hakikuwa na ubovu wowote, kilikosa chaji tu. Mtoto amekisahau siku nne au tano, sijui kwa nini, labda ni joto.

Nimekitia chaji mpaka asilimia mia, nikafuta kioo kwa spiriti, nikamwekea mkobani juu kabisa akione mara moja. Fundi gani anarudisha kitu kikiwa kimezimika?

Jumapili, 28 Julai

Ameondoka.

I-chun alikuja kumchukua. Akamwangalia magoti, mikwaruzo, weusi wa jua, akanitazama mimi. Nilijiandaa kujitetea. Alimshika tu mtoto kichwa. Kituoni nilimuuliza Yun-an, kwa ujanja, kama tiara ile ilimfurahisha. Akasema ndiyo Babu. Nikauliza amechagua nini. Akasema anafikiria kwanza.

Anafikiria! Siku kumi na tano na bado anafikiria. Pia imeshindwa, tiara imeshindwa. Treni ilipoondoka aliweka kiganja kwenye kioo na mimi niliweka changu hewani, sikujua pa kukiweka.

Duka lina ukimya ambao nilikuwa naudai miaka arobaini. Chukueni ukimya wenu. Suilien alitaka kupiga deki sakafu ya duka, nikamwambia aiache kwanza.

Alhamisi, 1 Agosti

Yun-an amepiga simu ya picha. Jumatatu alipiga, Jumanne alipiga, leo amepiga. Kila mara saa kumi na mbili na nusu, kamili, na kila mara anataka nimpeleke dirishani. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Kisha nikamwona: ameinamia kishikwambi! Jioni, hali ya hewa nzuri, na mtoto ameinamia kioo. Kazi yangu yote imemwagika.

Nikamwambia kwa upole kwamba Babu anampenda na kwamba skrini ni mbaya, atoke nje akacheze. Nikakata. Leo alianza kusema "Babu, subiri, nataka—" Nikakata. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jana Jumatano hakupiga. Sijui anafuata ratiba gani.

Jumanne, 6 Agosti

Mashambulizi yanaendelea. Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, leo. Kila mara nimekuwa mkali zaidi. Leo ilikuwa sekunde kumi na nne, nimepima. Baada ya kukata niliishika simu kifuani, ilikuwa bado ya moto, nikakaa hivyo mpaka Suilien aliponiuliza kama moyo unauma. Nikasema hapana. Unauma.

I-chun amepiga baadaye. Fomu bado hajajaza, anasubiri hadi Jumamosi. Yun-an anakaribia kuamua, lakini ana swali na anataka kuniuliza mimi mwenyewe, si bibi, si mama. I-chun hajui ni swali gani, hataki kumwambia.

Nikamwambia akija ataniuliza.

I-chun akasema, "Baba, na asipokuja, je?" Nikamwambia simu ni mlango wa shetani, ukifungua kidogo anaingiza mguu. Suilien, aliyekuwa ananisikia kutoka jikoni, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Hakufafanua.

Ninajenga bembea paani. Mabomba ya chuma ya hekalu, yale ya kushikia spika. Likizo ya Januari itakuwa tayari. Akiiona hiyo, hatafikiria tena.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo hakupiga.

Nilikuwa tayari tangu saa kumi na mbili na robo, simu mezani, maneno nimeyapanga. Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasorobo. Nikaikagua simu, mimi ni fundi, haina ubovu. Suilien alisimama mlangoni na mfuko mkononi akanitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nisingeweza mimi kupiga, maana kesho ndiyo siku ya fomu.

Nikamwambia haelewi. Nimeshinda! Mtoto yuko nje anacheza. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo.

Wimbo ukaja, ukapita, ukaenda zake. Nimekaa na simu mkononi, taka zimebaki ndani.